Kichwa cha Ramani

"Inamisha kichwa. Hiyo ni shingo au mlingoti wa bendera?"

Msichana aliyekaa kwenye stuli aliinama, na mashine ikapanda kutoka kisogoni ikilia kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Nywele zikadondoka juu ya shuka kuukuu alilofungwa shingoni. Nyuma yake mstari wa wasichana ulipinda kona ya bweni hadi kwenye kamba za kuanikia nguo, na kila mmoja alikuwa akijipapasa kichwa kama anayeagana na mgeni. Shule haikutaka nywele. Nywele, kwa maneno ya Mkuu wa shule, zinakula muda wa kusoma. Basi kila baada ya wiki chache aliitwa kinyozi, waya wa mashine ukapitishwa dirishani, na vichwa vyote vikafyekwa vikawa sawa, kama majani ya ile bustani ya mbele ya ofisi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga.

Kinyozi alikuwa mwanamke, kwa hiyo wasichana walimwita Shangazi. Wembe waliongeza kwa sababu ya ulimi wake. Mashine na stuli alivirithi kwa kaka yake, aliyekuwa na kibanda cha kunyolea karibu na stendi, akafa kwa ugonjwa wa kifua kabla hajaota hata mvi moja. Wateja wa kaka walikuja kutoa pole, wakachungulia kibandani, wakaona mwanamke amesimama na mashine mkononi, wakaenda kunyolewa kwingine. Kibanda kikafungwa. Kilichobaki ni shule. Marehemu alipenda kuja hapa. Alikuwa akirudi nyumbani na habari za watoto wa watu, nani alimchekesha, nani alisinzia kwenye stuli akaanguka. Dada mtu alikuja na kurudi bila habari yoyote.

Hakuwapenda. Aliwaona ni watoto waliolelewa kwa pamba, wenye viganja laini na midomo ya kulalamika. Walilia kwa sababu ya hesabu. Walilia kwa sababu rafiki amehamia kitanda cha mwingine. Kuna aliyewahi kulia kwenye stuli kwa sababu amekuwa wa pili darasani, na Shangazi Wembe alimwambia ajifute kamasi kwanza, kisha aende akamzike huyo wa kwanza ili nafasi ipatikane. Mstari mzima ulicheka. Yeye hakucheka. Alipiga shuka kung'uta nywele, akaita mwingine.

Mwaka huo shule iligundua kwamba wasichana wana msongo wa mawazo. Iligundua kama watu wanavyogundua panya: mmoja alionekana mchana. Binti wa kidato cha tatu alizimia katikati ya mtihani, akaanguka pamoja na dawati lake, na kwa bahati mbaya siku hiyo mkaguzi alikuwepo. Punde si punde kuta zikajaa mabango. TULIA, UTAFAULU. TABASAMU NI NUSU YA MTIHANI. Ikatangazwa Wiki ya Kupunguza Msongo, ambayo Mkuu aliipenda kiasi kwamba ilidumu muhula mzima. Kwa kuwa ratiba ya masomo haikuwa na nafasi hata ya kupenyeza sindano, kipindi cha kupumzisha akili kiliwekwa alfajiri, kabla ya kuoga. Wasichana waliamshwa kwa kengele, wakapangwa uwanjani wakitetemeka, wakaamriwa wafumbe macho na kuvuta pumzi. Majina yaliitwa. Aliyechelewa kupumzika alipewa adhabu ya kusugua vyoo.

Kazi hiyo ya kupumzisha watu ilikuwa chini ya Mwalimu wa Ushauri, bwana mmoja nadhifu, mwenye sauti ya asali na viatu vya kuchongoka. Mlangoni kwake aliandika KARIBU, MIMI NI SIKIO LAKO. Wasichana walimwita Redio, kwa sababu kilichoingia kwake kilitoka. Kulikuwa na mtoto wa kidato cha pili aliyekwenda kumwambia kwamba anakojoa kitandani. Redio alimsikiliza kwa upole, akampa kitambaa cha kujifutia machozi, na kesho yake asubuhi, mstarini, akaieleza shule nzima habari za msichana mmoja, jina kapuni, wa kidato cha pili, bweni la mwisho, kitanda cha juu, ili wenzake wajifunze kwamba kusema ni ujasiri. Baba yake yule mtoto alikuja kumchukua na sanduku lake. Redio alisikitika sana. Alisema baadhi ya wazazi hawaelewi saikolojia.

Ilikuwa mwanzoni mwa muhula huo, mabango yakiwa bado yananuka gundi, ndipo Namba Moja alipokaa kwenye stuli.

Alikuwa na jina lake, bila shaka, lakini hakuna aliyelitumia. Mkuu mwenyewe alimwita "Namba yetu Moja" mbele ya wageni, na picha yake ilikuwa tayari imepigwa kwa ajili ya bango kubwa la kuwekwa getini, lile la wasichana wa kidato cha nne wanaotarajiwa kuing'arisha shule. Mtihani wa mwisho ulikuwa bado miezi kadhaa, lakini shule ilishaanza kujisifia matokeo. Msichana mwenyewe alikuwa mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kukalia mikono yake. Alikaa kwenye stuli akaikalia.

Shangazi Wembe alipitisha mashine mara moja, akasimama. Juu ya sikio la kushoto kulikuwa na kiraka kisicho na nywele, kikubwa kama kifuniko cha chupa, na kingine kidogo kando yake.

"Huyu ana mapunye," alisema.

Alilisema kwa sauti ile ile ya kila siku, ambayo ilifika hadi kwenye kamba za nguo. Alilisema kama mtu anavyotupa maganda ya chungwa dirishani bila kuangalia nani anapita chini. Mstari ukarudi nyuma kwa pamoja, kama kuku waliorushiwa jiwe. Mmoja akapiga ukelele wa uongo. Mwingine akasema kumbe ndiyo maana anashika namba moja, wadudu wanamfanyia hesabu kichwani. Shangazi Wembe alichomoa waya, akafuta meno ya mashine kwa spiriti, akamwambia msichana aende kwa Matroni. Msichana alimtazama mara moja, akafungua mdomo, akaufunga. Akaenda.

Matroni alikuwa mama mnene aliyependa magonjwa yanayoonekana. Alimpaka dawa ya zambarau hadi kwenye paji la uso, akamhamishia kitanda cha peke yake karibu na stoo ya mifagio, akamtengea ndoo, sahani na kijiko. Zile rangi zilipokauka zilifanya visiwa na mipaka kichwani, na kabla jua halijazama shule ilikuwa imempa jina jipya: Ramani. Wakipishana naye koridoni waliinama kidogo, kwa heshima ya kejeli, wakamuuliza leo amechora nchi gani. Hakuwajibu. Aliendelea kushika namba moja, jambo lililowaudhi zaidi.

Shangazi Wembe aliporudi baada ya majuma kadhaa, wasichana walikubaliana bila kuambizana kwamba hakuna atakayenyolewa baada ya Ramani. Kwa hiyo Ramani aliwekwa wa mwisho. Kengele ya chakula ilipolia wengine wote walikuwa wameshaondoka, na nyuma ya bweni walibaki wawili tu, na nywele chini zikipeperuka.

Kinyozi alimfungua kitambaa alichojifunika kichwani. Kiraka kilikuwa sasa kama kiganja. Alikikaribia kwa kinyaa chake cha kawaida, akijua atakachokiona: magamba, ukurutu, ngozi iliyokasirika. Hakukiona. Ngozi chini ya zambarau ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Pembeni nywele zilisimama ovyo, nyingine ndefu, nyingine fupi, nyingine ndiyo kwanza zinachungulia. Mapunye hayali hivyo. Aliwasha mashine, akaizima, akaiwasha tena.

"Shangazi, ninyolee zote," alisema msichana, akitazama chini. "Kwa wembe kabisa. Zisipokuwepo sitazishika."

"Utazishika ufanye nini?"

"Ning'oe."

Mashine iliendelea kulia hewani bila kugusa kitu.

"Nani anang'oa?"

"Mimi. Si mapunye. Wewe ndiye uliyesema mapunye, wakaamini. Nikaona afadhali. Mapunye yana dawa."

Kidogo kidogo, kwa sauti ndogo iliyobidi kinyozi ainame kuisikia, alieleza. Ilianza na mitihani ya majaribio. Hajui mkono unapanda saa ngapi. Anasoma, anasoma, akifika mwisho wa ukurasa anaona nywele zimelala juu ya daftari, na anazipuliza ili mwenzake wa dawati asizione. Akiing'oa moja, kichwa kinanyamaza kidogo. Kisha kinaanza tena kumuuliza: ukianguka je, watabandua picha getini?

Shangazi Wembe alikuwa na majibu ya mambo kama haya. Alikuwa nayo tele, yamejipanga ulimini kama misumari mdomoni mwa fundi. Kwamba kuna watu wanalala na njaa. Kwamba yeye mwenyewe alimfumba kaka yake macho asubuhi, na jioni yake akawapikia wageni. Akachagua lililokuwa karibu.

"Una wazimu?"

"Ndiyo ninachoogopa," alisema msichana.

Hakulia. Angelia, kinyozi angejua la kufanya. Alikaa tu juu ya mikono yake, shingo imeinama bila kuambiwa, akisubiri wembe, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kunyoa vichwa vya watu, Shangazi Wembe aliona hana pa kuweka mkono wake wa kushoto.

"Mama yako anajua?"

"Mama anajua nafasi ninayoshika darasani."

"Na Redio?"

Msichana aligeuka haraka hivi kwamba mashine nusura imkwaruze. Alimshika kinyozi kanga aliyojifunga kiunoni. Vidole vilikuwa vyembamba, na chini ya kucha kulikuwa na zambarau. "Usimwambie. Nakuomba, Shangazi. Atanisoma mstarini. Afadhali wanicheke kwa mapunye, kuliko wajue."

"Mimi siongei na Redio," alisema kinyozi. Halikuwa ahadi. Lilikuwa jambo la kweli tu. Akatoa wembe, akachovya kitambaa kwenye maji, akamnyoa polepole mpaka kichwa kikabaki kitupu chote, na kiraka hakikujulikana tena kilipoanzia.

Nywele, hata hivyo, huota. Na mikono ilitafuta. Zisipopatikana kichwani zilipatikana kwenye nyusi. Matroni alipoona nusu ya nyusi imeondoka alishtuka, akaandika kwa Mkuu kwamba mapunye yameshuka usoni, na Mkuu, ambaye angeweza kuvumilia mapunye chini ya kitambaa lakini si kwenye uso uliokwishachapwa kwenye bango, akampigia simu mzazi.

Shangazi Wembe aliitwa ofisini siku ya kawaida, si siku ya kunyoa. Alikuta wameshakaa. Mkuu nyuma ya meza, kavaa miwani yake ya kusomea watu. Redio kwenye kochi, mguu juu ya mguu. Matroni karibu na mlango. Mama wa msichana alikuwa mwanamke wa suti, mwenye mkoba mkubwa na simu iliyokuwa inawaka mkononi kila mara, naye kila mara aliitazama. Msichana alikuwa amesimamishwa ukutani, chini ya bango la TABASAMU, na kitambaa kichwani. Kinyozi hakupewa kiti.

Mkuu alieleza kwa kirefu. Mzazi anauliza mtoto wake aliyapata wapi mapunye, na ni swali la haki kabisa. Shule ni safi. Mabweni ni safi. Kitu pekee kinachopita kichwa hadi kichwa ni mashine. Mama wa msichana alidakia kwamba yeye hana muda wa kupoteza, ana kazi ya watu, mtihani uko mlangoni, na anachotaka ni kujua nani amemharibia mtoto. Aliposema "mtoto" alimnyooshea kidole ukutani bila kugeuka, kama mtu anayeonyesha sanduku lililovunjwa safarini.

Hapo Redio akakohoa. Alisema kwa sauti yake ya asali kwamba yeye, kitaaluma, ana mashaka. Amesoma mahali. Kuna mabinti ambao hujiondoa nywele wenyewe kwa sababu ya msongo, na kama ndivyo, basi lisionekane ni balaa, bali ni nafasi. Kilele cha Wiki ya Kupunguza Msongo kiko karibu. Wageni watakuja. Fikirieni Namba Moja asimame mbele yao aeleze mwenyewe, afunue kitambaa, wamwone. Mfano hai. Angewasaidia wengine wengi.

Mkuu alivua miwani, akaitazama hewa, na ilikuwa wazi kwamba anaona hema, viti vilivyopangwa na kamera. "Kinyozi," alisema, "wewe ndiye uliyekishika hicho kichwa. Je, ni mapunye, au siyo?"

Kusema siyo kulikuwa rahisi kama kupiga chafya. Mashine yake ingetakata, kazi yake ingebaki, na ungekuwa ukweli mtupu. Shangazi Wembe alimtazama msichana. Msichana hakumtazama, macho yalikuwa kwenye zulia, na mkono mmoja ulishaanza kupanda, taratibu, kuelekea kwenye nyusi iliyobaki.

Kilichomwinukia kinyozi kifuani hakikuwa huruma. Huruma hakuizoea, na asingeitambua hata ingempiga kikumbo. Ilikuwa dharau, ile ile aliyokuja nayo hapa siku zote na kuimwaga kwenye vichwa vya watoto, safari hii imepata watu wake. Alikitazama kiatu cha kuchongoka kikining'inia hewani, akaitazama miwani, akaitazama simu inayowaka. Hawa, alijisemea moyoni, nisingewapa hata kuku wanishikie.

"Ni mapunye," alisema. "Mashine ilikuwa chafu. Nilizembea kuisafisha."

Wote wakasema pamoja. Redio alikuwa wa kwanza kunyamaza. Alionekana kama mtu aliyenyang'anywa sahani kabla ya kuonja. Mama wa msichana alimwita kinyozi mchafu na muuaji, kisha akapokea simu, akasema yuko kwenye kikao, akaendelea. Mkuu alitangaza kwamba kuanzia leo shule itatafuta kinyozi wa kiume, mwenye cheti, na kwamba mama mtu anaweza kuondoka na binti yake kwa matibabu mpaka uso utakapokuwa sawa, lakini asicheleweshwe. Shangazi Wembe aliuliza kama wamemaliza naye. Alisema hivyo kama anayewauliza kama wamemaliza kula, aondoe vyombo.

Nje ya geti alisimama kwenye kivuli cha ukuta kusubiri gari la abiria. Bango kubwa lilikuwa juu yake, na Namba Moja alitabasamu pale juu na nyusi zake zote mbili. Akasikia visigino vikija kwa kasi.

"Sijamalizana na wewe," alisema mama wa msichana. Nyuma yake, mbali kidogo, binti alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, na sanduku lake miguuni. "Nataka jina la dawa. Wewe ndiye uliyemwambukiza, lazima unajua yanatibiwa na nini."

"Hayaambukizi."

"Umesema ni mapunye."

"Nimesema ndani. Hapa tuko nje."

Mama alimkodolea macho. Simu ikawaka mkononi mwake. Safari hii hakuitazama. "Unanichezea?"

"Mwanao ana mdomo. Ana kichwa pia. Mara ya mwisho kukishika ilikuwa lini?"

"Wewe ni nani wa kunifundisha mimi kulea? Kinyozi tu, tena umefukuzwa sasa hivi."

"Ndiyo. Kwa hiyo sina cha kuogopa kwako." Shangazi Wembe aliokota mfuko wake. Kulikuwa na maneno mengine, makali zaidi, ya kuhusu suti na kazi ya watu. Aliyaonja ulimini, akayameza, na yalikwaruza yakishuka. "Usimpeleke kwa daktari wa ngozi. Kaa naye. Usimuulize habari za mtihani. Mfungue hicho kitambaa, utulie. Akitaka kukwambia, atakwambia. Asipotaka, usifungue hata hiyo simu."

Akavuka barabara kabla hajajibiwa, kwa sababu magari ya kurudi kwake husimama upande wa pili, na kwa sababu hakuwa na hamu ya kuona uso wa yule mwanamke.

Gari lilichelewa. Magari mengine yalipita, malori ya mchanga na baiskeli, na kila yalipopita barabara ilifunguka tena akaona ngazi ile. Kwanza mama alikuwa amesimama, akizungumza, mkono kiunoni. Lori likapita. Mama alikuwa bado amesimama, lakini hazungumzi, na msichana alikuwa akisema kitu, uso chini, maneno machache. Basi likasimama katikati kushusha watu, likakaa hapo muda mrefu, kondakta akibishana na abiria kuhusu mzigo. Kinyozi alijikuta ananyoosha shingo.

Basi lilipoondoka mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu, nyuma ya binti yake, suti na yote, vumbini. Kitambaa kilikuwa magotini mwake. Mkoba mkubwa ulikuwa umeanguka ubavu, na vitu vyake vikibingirika ngazi kwa ngazi kuelekea barabarani: kalamu, chanuo, kopo la poda, simu iliyokuwa ikiwaka na kuzima peke yake. Hakuvigeukia. Alikuwa amekishika kile kichwa kwa mikono yote miwili, mbali kidogo na kifua chake, akikitazama, kama mtu aliyekabidhiwa kitu mlangoni na bado hajajua akiweke wapi.